Neno la Kiingereza Halitembei Peke Yake

Kosa nililolisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote katika miaka yangu ya kufundisha Kiingereza sekondari lina herufi tano tu: "about". Mwanafunzi anaandika "we discussed about the problem", mwalimu anapiga mstari mwekundu juu ya "about", daftari linarudishwa. Wiki inayofuata neno lile lile limerudi. Utalikuta kwenye insha, kwenye muhtasari wa vikao vya ofisini, kwenye barua za kuomba kazi na kwenye hotuba za watu wenye shahada mbili. Kwa muda mrefu nilipiga mstari ule nikiamini kwamba watoto hawazingatii. Siku hizi naamini kosa lilikuwa letu walimu. Tulilifuta neno bila kueleza limetoka wapi.

Nalo limetoka mahali panapoeleweka kabisa. Kiingereza husema "a discussion about the problem". Nomino inahitaji "about", kitenzi hakiihitaji. Mwanafunzi ameisikia nomino mara nyingi, akauchukua mzigo wake akakitwika kitenzi. Ukishaliona hilo, makosa mengine yanaanza kujipanga yenyewe. Tunasikia "emphasise on" kwa sababu kuna "emphasis on". Tunasikia "request for a transfer" ikitumika kama kitenzi kwa sababu kuna "a request for a transfer". Mtu anaandika "the village lacks of water" kwa sababu "lack of water" imejaa kwenye ripoti za miradi. Yote hayo ni watoto wa mama mmoja.

Kanuni iliyo nyuma yake ni nyepesi, na inanishangaza kwamba sikufundishwa hata chuoni. Kitenzi cha Kiingereza kinaweza kushika shamirisho kwa mkono wake mwenyewe: "answer the question", "enter the room", "demand justice". Nomino haina mkono. Ikitaka kushika kitu lazima iazime kihusishi: "answer to the question", "entry into the room", "demand for justice". Lililo zuri zaidi ni kwamba Kiswahili hufanya hivyo hivyo. Tunajibu swali, lakini tunatoa jibu la swali. Tunajadili bajeti, lakini tunafanya mjadala wa bajeti. Hakuna Mswahili anayesema "nilijibu la swali". Mtoto anaingia darasani akiwa na kanuni hii kichwani tayari, amepewa bure na mama na bibi yake, kisha tunamfundisha Kiingereza kana kwamba hana lugha.

Tofauti inayomkwaza iko kwingine. Kiswahili kina kiunganishi kimoja tu cha kazi hiyo, "-a", nacho hubadilika kufuata ngeli na si kufuata maana. Sababu ya vita, suluhisho la tatizo, ongezeko la bei, mahitaji ya umeme, ufunguo wa mafanikio. Kiingereza kinagawa kazi hiyo hiyo kwa watumishi wengi: "cause of", "solution to", "increase in", "demand for", "key to". Mwanafunzi anayetafsiri kichwani anabaki na "of" mkononi kila mahali, maana "of" ndiyo aliyofundishwa kuwa tafsiri ya "-a". Anaandika "the solution of unemployment" na "the increase of prices", akiwa amefuata mantiki barabara. Mantiki ni nzuri, ila ni ya lugha nyingine.

Kitenzi nacho kina hadithi yake. Kitenzi chetu hubeba mzigo wake mwilini. Pika, pikia, pikiwa, pikisha, pikika: ni nani anapika, kwa ajili ya nani, kwa kumlazimisha nani, na kama chakula chenyewe kinakubali kupikwa, yote yamo ndani ya neno moja. Kitenzi cha Kiingereza hakinyambuliki namna hiyo. "Cook" inabaki "cook", na habari zote hizo huwekwa nje, kwa majirani wanaoifuata. Ndiyo maana kujua maana ya kitenzi cha Kiingereza bila kujua majirani wake ni sawa na kumfundisha mgeni mzizi "-pik-" kisha kumwambia aende sokoni.

Chukua "explain". Kwetu ni eleza, na "ni" ya mtendewa inaingia vizuri kabisa: nieleze. Basi mwanafunzi anasema "explain me". Unamkataza, anakuuliza kwa haki kabisa: mbona "tell me" inakubalika, na "show me", na "give me"? Nimewasikia walimu wakijibu "ndivyo Kiingereza kilivyo", na nami nimewahi kujibu hivyo, nikaona macho ya mtoto yakizima. Kumbe jibu lipo, na linapitia kwenye historia. "Tell", "give", "show", "send" ni maneno ya asili ya Kigermanik, yaani ya ukoo wa lugha za kale uliozaa Kiingereza na Kijerumani, mafupi, ya nyumbani. Kikundi cha "explain", "describe", "announce", "demonstrate", "donate" ni cha maneno yaliyoingia kutoka Kilatini na Kifaransa, mengi yake katika karne zilizofuata baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kikundi cha kwanza huruhusu mtu na kitu vikae sambamba baada ya kitenzi, "give me the book". Cha pili kwa kawaida humtaka mtu huyo apitie mlango wa "to": "explain it to me", "donate books to the school". Huu ni mwelekeo, si sheria ya chuma. "Offer" na "promise" zina damu ya Kilatini lakini husema "offer me a job", "promise me the money". Zitamke hizo mbili uone: mkazo uko kwenye silabi ya mwanzo, kama kwenye maneno ya zamani. Sikio la Mwingereza limezipokea kama wenyeji. Mwanafunzi wa kidato cha pili ana uwezo wa kuielewa habari hii, tena akiisikia hasahau.

Kwa muda mrefu kamusi hazikuandika mambo haya, kwa kuwa ziliandikwa kwa ajili ya wenye lugha, nao walikuwa wanayajua bila kuambiwa. Aliyeligeuza jambo alikuwa mwalimu wa wageni. A. S. Hornby alikwenda Japani miaka ya 1920 kufundisha, akafanya kazi na Harold Palmer, aliyekuwa amefungua taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza jijini Tokyo mwaka 1923. Wanafunzi wao wa Kijapani walikuwa na shida hizi hizi zetu: maana ya neno wanaijua, ila hawajui lipelekwe wapi. Hornby na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, wakatunga kamusi iliyomwonyesha msomaji kila kitenzi kinakubali muundo gani. Miundo yenyewe waliipanga katika makundi 25. Kamusi hiyo ilitoka Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na Japani na Uingereza zikipigana. Mwaka 1948 Oxford ikaitoa upya, na vizazi vyake ndivyo vile vitabu vizito tunavyoviona kwenye meza za walimu wetu hadi leo.

Kwenye toleo la mwaka 1974, pembeni ya vitenzi kulikuwa na misimbo kama VP6A, ambapo VP ni kifupi cha "verb pattern", muundo wa kitenzi. Nilikuwa na nakala yake iliyochakaa, jalada limeshikwa kwa gundi, na nilidhani ile misimbo ni ya wachapishaji. Hakuna aliyewahi kunifungulia kurasa za mwanzo akaniambia: hapa ndipo pana siri yote. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa. Chombo kilichotengenezwa makusudi kwa ajili ya watu kama sisi kilikuwa kabatini, nasi tukakitumia kutafuta tafsiri ya neno moja kwa neno moja, kama vile kutumia jembe kupigia misumari.

Hatua kubwa iliyofuata ilikuja na kompyuta. Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Sinclair alianzisha mradi wa COBUILD pamoja na wachapishaji wa Collins. Walikusanya kopasi, yaani hazina kubwa ya matini halisi kutoka magazetini, vitabuni na kwenye mazungumzo, kisha wakaiagiza mashine iwaonyeshe kila mahali neno fulani lilipotokea, likiwa katikati ya mstari na majirani wake kushoto na kulia. Hakuna aliyetunga mfano kichwani. Kamusi yao ilitoka mwaka 1987. Baadaye Gill Francis, Susan Hunston na Elizabeth Manning walitoa juzuu mbili za ruwaza, yaani miundo ambayo neno hupenda kukaa nayo, ya vitenzi mwaka 1996 na ya nomino na vivumishi mwaka 1998. Kazi hiyo ilionyesha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha makala haya: maneno yanayofuata ruwaza moja huwa na undugu wa maana.

Zirudie nomino za juu kwa jicho hilo. "Increase", "rise", "fall", "drop", "change", "improvement": zote ni za kubadilika, na zote huchukua "in". "Demand", "need", "desire", "request", "thirst": zote ni za kutaka, na zote huchukua "for". "Answer", "solution", "key", "clue": zote zinafungua kitu kilichofungwa, na zote huchukua "to". Kilichoonekana kama rundo la vihusishi vya kukariri usiku kucha kabla ya mtihani kina ukoo, na ukiujua ukoo unaweza kukisia neno ambalo hujawahi kulitumia. Mtoto akikutana na "longing" kwa mara ya kwanza akaambiwa ni shauku, atakisia "for", naye atapatia.

Ruwaza hubeba hata hisia. Kamusi ya mfukoni huandika "cause" kuwa ni sababisha, basi. Lakini ukisoma mistari ya kopasi utaona kwamba kinachofuata baada ya "cause" karibu kila mara ni kibaya: "damage", "delay", "pain", "death". Baada ya "provide" unakuta msaada, chakula, huduma, ulinzi. Sinclair aliona vivyo hivyo kwamba mambo ambayo hu-"set in", yaani huanza na kukita mizizi, ni kuoza na kukata tamaa, si furaha. Bill Louw, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Zimbabwe, ndiye aliyeandika mwaka 1993 makala iliyolifanya jambo hili lijulikane kwa wataalamu. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba hoja ile ilitoka Harare. Mwanafunzi anayeandika "the new road caused development in our village" hajavunja kanuni yoyote ya sarufi, ila msomaji anahisi kama barabara imeleta maafa. Nasi tunahisi hivyo hivyo katika lugha yetu: ajali husababisha vifo, lakini barabara huleta maendeleo. Sikio letu linajua. Ni suala la kuliuliza.

Mwanaisimu Adele Goldberg, katika kazi yake ya mwaka 1995, alikwenda mbele zaidi akasema muundo wenyewe una maana, hata ukiyaondoa maneno. Mfano wake maarufu ni wa mtu aliyepiga chafya kitambaa kikaruka kutoka mezani: "he sneezed the napkin off the table". Kupiga chafya si kitenzi cha kusogeza vitu. Kinachosogeza kitambaa ni ule muundo. Sisi tungehitaji vitenzi viwili, alipiga chafya, kitambaa kikaruka. Ushahidi wa karibu zaidi uko mfukoni mwako. Simu zilipokuja, Kiingereza kilianza kusema "text me the number", "email me the form", "WhatsApp me the address". Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Vitenzi hivi vipya vilikuwa na maana ya kutuma, vikaingia moja kwa moja kwenye nyumba ya "send me". Ruwaza ilikuwa inavisubiri.

Kuhusu kuhesabika kwa nomino sitakaa sana, kwa kuwa walimu wengi hulifundisha, ingawa kwa vitisho. "Advices", "informations", "equipments" ni makosa, ndiyo, na asili yake inaonekana: vifaa viko kwenye wingi, basi "equipments", nywele ni nyingi, basi "my hairs are long". Ila Mswahili hana sababu ya kulishangaa wazo lenyewe. Maji hayana umoja. Ushauri hauna wingi, tunasema ushauri mwingi, na hakuna anayelalamika kwamba ni jambo gumu. Mwambie mtoto kwamba "advice" ni kama ushauri, usimwambie tu kwamba ni ya ajabu.

Panapostahili kukaliwa ni kwenye "to" na "-ing", maana hapo Kiswahili kina mlango mmoja na Kiingereza kina miwili. Napenda kusoma, nataka kusoma, nimemaliza kusoma: "ku-" inatosha kote. Kiingereza kinasema "want to read" lakini "finish reading", na orodha za kukariri hapa ni ndefu na za kuchosha. Lakini angalia vitenzi vichache vinavyokubali milango yote miwili. "I remembered to lock the door": nilikumbuka, kisha nikafunga. "I remember locking the door": nilifunga, na sasa ninayo picha yake kichwani. "He stopped to talk": alisimama ili aongee. "He stopped talking": alinyamaza. "To" inatazama mbele, kwenye jambo ambalo bado. "-ing" inashika jambo ambalo tayari lipo au limekuwepo. Ndiyo maana "hope", "decide", "plan" na "promise" huwa na "to", kwani huwezi kutumaini kilichokwisha, na "finish", "deny" na "admit" huwa na "-ing", kwani huwezi kukiri ambacho hujafanya. Wapo wasiotii, "suggest" akiwemo: "suggest going" inatazama mbele kabisa. Hao wafundishwe kwa majina. Na kwa wale wanaomalizia barua za kuomba kazi kwa "I look forward to hear from you", "to" hiyo ni kihusishi tu, haihusiani na hii. Baada yake huja "hearing".

Najua kuna wenzangu watakaouliza kwa nini tuhangaike. Kiingereza cha Afrika Mashariki kipo, wanasema, na "discuss about" ni chetu. Hoja hii naiheshimu. Kopasi ya Kiingereza cha Kenya na Tanzania ilishakusanywa, kama sehemu ya mradi wa kimataifa ulioanzishwa na Sidney Greenbaum wa kulinganisha Kiingereza cha nchi mbalimbali, na "discuss about" husikika pia Nigeria na India. Watu wa mabara tofauti wasiokutana wanapofika kwenye muundo mmoja, huo si uzembe. Ni nomino inayokivuta kitenzi chake, na wenye lugha wenyewe huvutwa hivyo hivyo. Leo wapo wanaosema "impact the economy" na wapo wanaosema "impact on the economy", na hiyo "on" sioni pengine ilikotoka isipokuwa kwenye nomino. Huenda baada ya miaka hamsini kamusi zikaikubali "discuss about" bila alama yoyote pembeni.

Lakini mwanafunzi wangu anafanya mtihani mwaka huu. Nchini kwetu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akaamka akakuta fizikia, jiografia na hesabu zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Anayesahihisha karatasi yake, na baadaye atakayesoma barua yake ya kazi, atahesabu "about" ile kuwa kosa. Kumficha jambo hilo kwa jina la kuienzi lahaja yetu ni kumwachia yeye gharama. Naendelea kusahihisha. Nilichobadilisha ni kwamba sipigi tena mstari peke yake. Naandika nomino pembeni, ili aone mzigo aliubeba kutoka wapi.

Darasani sasa tunaandika maneno kwa jozi. Ukurasa wa kushoto kitenzi na kinachokifuata, wa kulia nomino na kihusishi chake, na chini yake mstari mmoja uliotolewa gazetini au kitabuni, si uliotungwa na mwalimu. Kwa wanaopata intaneti, kopasi ya Kiingereza cha Marekani iliyojengwa na Mark Davies, yenye maneno zaidi ya bilioni moja, hutafutwa bila malipo, na mistari ishirini ya neno moja inafundisha zaidi ya saa nzima ya maelezo yangu. Shuleni kwetu kompyuta ni chache, hivyo mara nyingi tunatumia magazeti ya zamani na kalamu za rangi.

Muhula uliopita binti mmoja wa kidato cha tatu alibaki kengele ilipolia. Alikuwa amekunja kipande cha gazeti mara nne. Akasema, "Mwalimu, nimepata nyingine ambayo hukutupa," akanionyesha sentensi mbili alizozipigia mstari, moja ya michezo na nyingine ya siasa. Kwenye moja mchezaji "approached the referee". Kwenye nyingine waziri alitangaza "a new approach to the problem". Aliuliza kama jozi hiyo naye anaweza kuiandika ubaoni kesho yake.